Wageni Kutoka Mirihi: Mazungumzo Juu ya Kusoma Kitabu Tusichokizoea

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vitabu. Wala si habari za kujifunza kusoma, maana wengi wenu mmekwisha kuuvuka mto huo, ila habari za kuchagua kitabu cha kusoma. Kila ajuaye kusoma ana vitabu avipendavyo, na ana vitabu avipitavyo kama mtu apitaye nyumba asiyo na ndugu ndani yake. Mmoja hupenda habari za wafalme na vita vya kale. Mwingine hupenda tenzi na mashairi. Wa tatu hataki ila kitabu kitakachomfundisha kupanda kahawa au kufuga nyuki. Kupenda namna hii si kosa. Mtu huzoea chakula cha kwao, na kadhalika huzoea kitabu cha kwao. Lakini mgeni akikaribishwa chakula asichokijua, adabu yataka aonje kwanza kabla ya kusema hakipendi. Basi neno letu la leo ni hili: yafaa msomaji aonje mara kwa mara kitabu kilicho mbali na mazoea yake. Nasi tutalieleza neno hilo kwa mfano wa kitabu kimoja kilichotufurahisha sana, ingawa si cha namna tuliyoizoea.

Sisi tulifundishwa katika shule za misioni, na kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Vitabu tuvipendavyo ni vya mambo yaliyokuwa: Maandiko Matakatifu, tarehe za mataifa, maisha ya watu mashuhuri, habari za wasafiri, na pamoja na hivyo tenzi za wazee wa pwani. Hadithi za vyombo virukavyo kwenda katika nyota, na za viumbe wasiopata kuonekana na mtu, tulikuwa tukiwaachia vijana. Hata siku moja kijana mmoja wa darasa letu, ambaye hana apendalo ila hadithi za namna hiyo, alitujia na kitabu mkononi akasema, “Mwalimu, tafadhali usinione mkosefu wa adabu. Kila muhula watuagiza kusoma vitabu ambavyo sisi hatukuvichagua, nasi twatii. Je, nawe hutakubali kusoma kimoja nilichokichagua mimi?” Hoja yake ilikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa mganga awanyweshaye wengine dawa chungu hawezi kukataa kikombe akipewa yeye. Tukakipokea, tukakisoma kwa usiku tatu. Na usiku wa tatu taa ilizimika kwa kukosa mafuta, nasi tumebakiwa na kurasa 20. Kukacha kukawa kurefu kwelikweli.

Kitabu chenyewe kwa Kiingereza chaitwa The War of the Worlds, maana yake Vita vya Malimwengu. Mtungaji wake ni Herbert George Wells, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1866 katika mji wa Bromley, karibu na London, akafa mwaka 1946. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyombo vya udongo, na mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya mabwana, akaiacha kazi hiyo, kisha akairudia kwa sababu ya shida. Mtoto Herbert alipokuwa na umri wa miaka 7 alivunjika mguu, akalala kitandani siku nyingi, akaletewa vitabu vya kumliwaza. Na hapo ndipo alipoanza kupenda kusoma. Alipokua aliwekwa katika duka la nguo ajifunze biashara. Kazi ile aliichukia mno, akaiacha, akawa mwalimu msaidizi katika shule ya Midhurst. Mwaka 1884 alipata nafasi ya kusoma sayansi mjini London, katika chuo kilichokuwa kikiwafundisha walimu wa sayansi, na mmoja wa wakufunzi wake alikuwa Thomas Henry Huxley, bingwa wa elimu ya viumbe vyenye uhai. Mwaka 1893 Wells alitoa kitabu cha shule cha elimu hiyohiyo. Twawaambia hayo ili mjue ya kuwa aliyeitunga hadithi hii alikuwa mwalimu, mtu aliyeshika chaki, wala si mtu wa kuropoka tu.

Hadithi ilitolewa kwanza kwa mafungu katika gazeti moja la Uingereza mwaka 1897, na mwaka 1898 ikapigwa chapa kuwa kitabu. Habari zake kwa ufupi ni hizi.

Ninyi nyote mmepata kuiona sayari ya Mirihi, ingawa labda wengine hamkujua jina lake. Ndiyo ile ionekanayo usiku mfano wa nyota nyekundu iliyotulia, isiyometameta kama nyota nyingine. Wells ataka tukubali neno moja tu: kwamba huko Mirihi wako viumbe wenye akili kupita wanadamu, na ya kuwa dunia yao imezeeka, imepoa na kukauka, nao huitazama dunia yetu yenye maji na majani mabichi kama mwenye njaa atazamavyo shamba la jirani. Basi wakaunda mzinga mkubwa, wakajirusha kuja kwetu ndani ya vyombo vya chuma, usiku baada ya usiku, hata vikatimia vyombo kumi.

Chombo cha kwanza kilianguka katika uwanda wa Horsell, karibu na mji wa Woking, kusini magharibi ya London. Kilikuwa na umbo la pipa, lakini upana wake ulipata yadi 30. Mambo yaliyofuata yangaliweza kutokea katika kijiji chochote cha kwetu. Watu walitoka majumbani wakaenda kutazama. Watoto wakakitupia mawe. Mchuuzi mmoja akaleta matofaa na maji ya tangawizi kuwauzia watazamaji. Hata jioni kifuniko kikafunguka kutoka ndani, wakatokea viumbe wenye kichwa kikubwa na mikono mingi kama ya pweza, wakitweta na kujikokota kwa taabu, kwa sababu uzito wa vitu hapa duniani ni karibu mara tatu ya uzito wa vitu kule Mirihi. Neno hilo ni hesabu ya kweli: mtu mwenye uzito wa ratili 160 hapa kwetu, kule angepimwa akaonekana ana ratili 60 hivi.

Wataalamu wachache walikwenda mbele wakipeperusha kitambaa cheupe, ishara ya amani, ili wawajulishe wageni ya kuwa na sisi ni viumbe wenye akili. Wageni hawakuuliza neno. Wakawapiga na mwali wa joto usioonekana kwa macho, na watu wale wakateketea pale pale, kitambaa mkononi.

Tangu hapo hadithi yaenda mbio. Wageni wakaunda mashine za miguu mitatu, ndefu kuliko nyumba za ghorofa, zikawa zikipita msituni na kuvunja miti kama mtu apitaye katika mabua ya mahindi. Mwali wao uliichoma miji. Moshi wao mweusi, mzito, ulitambaa mabondeni ukamwua kila aliyeuvuta. Jeshi la taifa lililokuwa na nguvu nyingi kabisa zamani hizo likavunjika kwa siku chache. Watu wa London wakakimbia wote pamoja, tajiri na maskini, wakikanyagana njiani. Manowari moja, Thunder Child, iliziendea mashine zile baharini ili merikebu za wakimbizi zipate kuokoka. Ikaziangusha mbili, nayo ikaangamia. Tulipofika hapo, sisi tupendao tarehe za vita vya kweli, tulikuwa tumesahau kabisa ya kuwa twasoma jambo lisilotokea.

Anayesimulia si shujaa. Ni mwandishi wa kawaida, ana mke, aona njaa, aogopa, hujificha. Katika kukimbia kwake alikutana na watu wawili tunaopenda kuwatajieni. Wa kwanza ni kasisi mmoja aliyevunjika moyo, ambaye hakuacha kulia na kupayuka hata akahatarisha maisha ya wote wawili. Kwa malezi yetu hatukufurahi kumwona kasisi dhaifu namna ile. Walakini ni kweli kwamba msiba humkuta mtu na imani ileile aliyokuja nayo, haumkopeshi nyingine. Wa pili ni askari wa mizinga. Huyu alikuwa na maneno makubwa: wanadamu wenye nguvu watakaa chini ya ardhi, katika mifereji ya maji machafu, watasoma, watajifunza siri za adui, watainuka siku moja na kuirudisha dunia. Msimulizi akavutwa sana na maneno hayo, mpaka alipoonyeshwa shimo ambalo askari amelichimba kwa juma zima. Kumbe ni shimo ambalo mtu angalilimaliza kwa siku moja! Wakachimba kidogo pamoja, kisha askari akataka kupumzika, kisha kula, kisha kunywa mvinyo, kisha kucheza karata. Wasikilizaji, ni nani asiyemjua mtu huyo? Kila kijiji kina wake, aketiye barazani na kujenga nchi kwa ulimi.

Mwisho wa hadithi ni huu. Msimulizi aliingia London, mji ulio kimya kama kaburi, akakuta mashine zimesimama bila kutikisika na ndege wakidonoa nyama iliyokuwa imening'inia. Wageni wamekufa wote. Hawakuuawa kwa mizinga, wala kwa hila ya wataalamu. Waliuawa na vijidudu vya maradhi, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo miili yetu imepigana navyo tangu zamani za mababu, lakini miili yao haikupata kuvijua.

Basi sasa tuangalie kwa nini kitabu cha namna hii kiliweza kumfurahisha mtu apendaye vitabu vya kweli.

Sababu ya kwanza ni kwamba ndani yake limo jambo moja tu la kubuni. Tukikubali ya kuwa viumbe wa Mirihi wapo na wamekuja, mengine yote huenda kwa kanuni za dunia tunayoijua: uzito ni uzito, moto ni moto, mwoga ni mwoga, na mchuuzi ni mchuuzi. Wells mwenyewe aliandika mwaka 1933, alipoeleza kazi yake, ya kuwa mtungaji wa hadithi hizi yampasa kuomba ajabu moja kwa msomaji, kisha ailinde isizae ajabu nyingine ovyo. Alipokuwa akikaa Woking mwaka 1895 alizunguka kwa baiskeli katika njia za upande ule, akichagua mahali pa kuharibiwa na wageni wake. Kwa hiyo barabara, daraja na vilima katika kitabu ni vya kweli, hata leo mtu aweza kuvifuata.

Tena, tukifikiri vema, sanaa hii si ngeni kwetu. Bibi zetu walipotusimulia habari za Sungura na Fisi, waliomba ajabu moja tu, kwamba wanyama wasema. Baada ya hapo Fisi alikuwa mlafi kama walafi tuwajuao, na Sungura mjanja kama wajanja tuwajuao, na hukumu ilikuwa ya haki. Hali kadhalika Shaaban Robert, katika kitabu chake Kusadikika kilichotolewa mwaka 1951, aliiweka nchi nzima angani. Lakini dhuluma inayotendwa katika nchi ile ya angani, na ujasiri wa Karama mbele ya mfalme na mawaziri, ni mambo ya ardhini kabisa. Msomaji wa Kusadikika asemaye hawezi kusoma hadithi za Mirihi amekwisha kusafiri nusu ya njia bila kujua.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Wells aliandika wakati ambapo taifa lake lilikuwa limeshika nchi nyingi za watu wengine, na zetu zikiwamo. Kitabu kile alikitoa kwa heshima ya ndugu yake Frank, kwa kuwa wazo lake lilitoka kwa huyo ndugu. Walikuwa wakitembea pamoja mashambani, wakazungumza habari za kisiwa cha Tasmania, kilicho kusini ya Australia, ambacho Waingereza walianza kukikalia mwaka 1803. Watu wenyeji wa kisiwa hicho waliuawa, wakafukuzwa, wakafa kwa maradhi ya kigeni, hata kwa muda mfupi wakabaki wachache mno. Ndugu yule akauliza, ingekuwaje kama viumbe wengine wangeshuka ghafula kutoka mbinguni, wakatutenda sisi vivyo hivyo? Basi katika sura ya kwanza kabisa Wells awaambia wasomaji wake, kabla ya kuwahukumu watu wa Mirihi kwa ukatili, wakumbuke waliyotendwa Watasmania. Yeye aliandika kana kwamba taifa lile limekwisha kabisa. Lakini haikuwa hivyo, maana wazao wao wako hata leo, nao hulitunza jina lao.

Fikirini jambo hilo. Mwingereza wa mwaka 1898 alinunua kitabu cha kujifurahisha, akaketi penye moto wake, na kabla hajamaliza kurasa chache amewekwa mahali pa yule mwenyeji wa kisiwa: aona silaha asizozifahamu, asikia lugha asiyoijua, ashika kitambaa cheupe kisichotazamwa na mtu. Hotuba juu ya haki angaliweza kuikataa. Kitabu cha tarehe angaliweza kukifunga, akisema kwamba mambo hayo yako mbali. Lakini hadithi ilimpeleka kwa miguu yake mwenyewe mpaka ndani ya nyumba ya jirani, akatazama nje kwa dirisha la jirani. Nasi tunaosoma huku, ambao babu zetu waliona wageni wakishuka pwani na bunduki ambazo hawakuwa na mfano wake, twasoma sura zilezile kwa moyo mwingine. Hatuna haja ya kufikiri sana ili kuelewa. Lakini na sisi pia twaulizwa swali lake. Msimulizi, baada ya kuwa mnyonge, aliwafikiria sungura ambao nyumba zao chini ya ardhi huharibiwa na jembe la mjenzi. Kila mtu ana aliye chini yake. Mwalimu ana mwanafunzi, tajiri ana kibarua, mchungaji ana ng'ombe. Hadithi hii yamwuliza kila mmoja: wewe waonekanaje kwa aliye chini yako?

Sababu ya tatu ni ule mwisho wake. Wasomaji wengine wamelalamika ya kuwa mwisho ule waja ghafula. Sisi tulio katika nchi za joto hatuoni hivyo, maana twaujua. Mtoto aliyekulia penye malaria, akipona homa za utoto, mwili wake hupata nguvu fulani ya kushindana nayo. Mgeni atokaye penye baridi huanguka upesi. Na tena maradhi yaweza kuja upande wa pili. Mwaka 1887 ng'ombe wenye sotoka waliletwa kutoka ng'ambo katika pembe ya kaskazini mashariki ya Afrika, na baada ya miaka michache sotoka ilikuwa imefika kwetu, ikafagia mifugo ya Wamasai na ya makabila mengine, ikafuatwa na njaa kuu. Ng'ombe wetu hawakuwa wamepata kuijua, kama vile watu wa Mirihi hawakuvijua vijidudu vyetu. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha duniani mwaka 2011 tu, kwa kazi ya chanjo na ya waganga wa mifugo. Na katika mwaka 1897, hadithi ya Wells ilipokuwa ikitoka gazetini, daktari Ronald Ross huko Bara Hindi alivikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mtungaji na daktari hawakufanya kazi pamoja, lakini elimu ya zama zao ilikuwa moja: kwamba kilicho kidogo kabisa chaweza kumwangusha aliye mkubwa kabisa.

Labda mmoja wenu atauliza, “Je, kweli kuna watu Mirihi?” Hapana. Mwaka 1877 mtaalamu wa Italia, Giovanni Schiaparelli, aliona kwa darubini yake mistari juu ya uso wa Mirihi, akaiita kwa Kitaliano neno liwezalo kuwa na maana ya mifereji yoyote. Wengine wakalifasiri kuwa mifereji iliyochimbwa, wakasema basi wako wachimbaji. Percival Lowell wa Marekani aliandika vitabu juu ya wachimbaji hao. Lakini mwaka 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikaleta picha, na palikuwa na mashimo makavu tu, hapana mfereji wala mji. Vyombo vingine vimetua huko tangu mwaka 1976, vikapima udongo na hewa. Kwa habari hiyo, sayansi ya kitabu kile imepitwa na wakati. Lakini kitabu hakikupitwa, kwa kuwa hakikuandikwa ili tuwajue watu wa Mirihi. Kiliandikwa ili tujijue sisi.

Hapo twafika penye neno ambalo wazazi wengi na walimu wengine hulisema: “Hadithi hizi ni uongo, zitawaharibu watoto.” Twaliheshimu neno hilo, maana kuupenda ukweli ni jambo jema. Lakini tuangalie tofauti. Wazee wetu, kabla ya kusimulia, hutangaza. Msimulizi husema, “Paukwa!” nao wasikilizaji hujibu, “Pakawa!” Kwa maneno hayo mawili mlango hufunguliwa, na kila mtu, hata mtoto mdogo, ajua ya kuwa sasa tumeingia katika nyumba ya hadithi. Aingiaye kwa mlango huo hakudanganywa. Uongo ni ule uingiao bila kupiga hodi, ukavaa nguo za habari ya kweli.

Na hadithi hii hii ya Mirihi yatupa ushahidi. Tarehe 30 Oktoba 1938, katika mji wa New York, kijana mwigizaji aitwaye Orson Welles, ambaye jina lake lakaribia la mtungaji lakini si jamaa yake, aliicheza hadithi hiyo katika redio. Aliigeuza ikawa kama taarifa za habari, moja baada ya moja, zikikatiza muziki, kwamba wageni wametua katika jimbo la New Jersey. Mwanzoni ilitangazwa kuwa ni mchezo. Lakini waliofungua redio zao baadaye hawakuisikia “Paukwa”, na baadhi yao wakashikwa na hofu. Magazeti ya siku ya pili yaliikuza hofu hiyo kupita kiasi, na wachunguzi wa baadaye wameonyesha ya kuwa nchi nzima haikukimbia kama ilivyosemwa. Tazameni: hata habari ya hofu ilitiwa chumvi! Lakini mwezi Februari 1949, katika mji wa Quito, nchi ya Ecuador, mchezo huo ulirudiwa, ukaingizwa katikati ya muziki kana kwamba ni habari ya kweli. Watu walitoka mbio barabarani. Walipojua ya kuwa wamedanganywa, walikasirika, wakaichoma nyumba ya gazeti ambamo redio ile ilikuwamo, na watu kadhaa walikufa.

Basi hadithi ni ileile. Katika kitabu, ikiwa na jina la mtungaji na kichwa chake juu, imewafurahisha na kuwafundisha watu kwa zaidi ya miaka mia. Katika redio, ilipovua nguo zake ikavaa za habari, iliua. Kwa hiyo mtoto asifundishwe kuikimbia hadithi. Afundishwe kuutambua mlango wake. Na yule aliyezoea kusoma hadithi, akauliza kila mara, “Je, hapa nimeambiwa Paukwa, au sikuambiwa?” huyo ndiye atakayekuwa mgumu kudanganywa na uvumi wa sokoni, na wa gazeti, na wa chombo kingine chochote kiletacho maneno.

Kwa kumaliza, twapenda kuwapa mashauri matatu. Kwanza, usiache vitabu uvipendavyo. Sisi hatukuviacha vyetu. Tenzi na tarehe ziko mezani petu mpaka leo, na kitabu cha Mirihi kimekaa kando yao kama mgeni aliyepata kiti. Pili, katika kila vitabu vitano au sita usomavyo, kimoja na kiwe cha namna usiyoizoea. Apendaye hadithi na asome kimoja cha afya au cha ufugaji. Apendaye ufugaji na asome kimoja cha mashairi. Mwenye kusoma mambo ya dini na tarehe tu, na apande siku moja mpaka kwenye nyota. Tatu, ukiwa mzazi au mwalimu, mwulize kijana wako asoma nini, kisha kisome kitabu hicho mwenyewe kabla ya kukisifu au kukikataza. Mtajua mengi juu ya kitabu, na zaidi mtajua mengi juu ya kijana.

Na usiku huu, kama mawingu hayakuziba, tokeni nje mtazame juu. Mkiiona nyota nyekundu isiyometameta, kumbukeni kwamba hapana adui juu yake atutazamaye kwa tamaa. Huko ni jangwa na kimya. Walio na tamaa, na walio na huruma, wote wako huku chini, na kila mmoja wetu atachagua kuwa upande gani.